Asbesto na kansa ya mapafu: maswali ambayo watu wa Lamu huuliza sana, na kwa nini hospitali inataka kujua ulifanya kazi gani zamani

Maswali haya yanakuja kila mara, barazani, kwenye jahazi, kwa simu usiku, na mengi yanakuja wakati mgonjwa keshapelekwa Mombasa na familia imechanganyikiwa. Tumeyajibu hapa kwa pamoja. Mengine majibu yake ni mafupi, mengine marefu kwa sababu ndiyo yenye mambo.

Asbesto ni nini hasa? Si yale mabati ya kijivu?

Ndiyo, yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, ya simiti, unayoyaona kwenye nyumba za zamani za serikali, shule na stoo, ni bidhaa moja tu ya asbesto. Yenyewe ni mawe yanayochimbwa ardhini, lakini mawe ya ajabu manake yamejengwa kwa nyuzi, ni kama makumbi ya nazi ukiyachambua, unatoa uzi na ndani ya ule uzi kuna nyuzi nyingine, mpaka unafika nyembamba kiasi ambacho jicho haliioni. Haishiki moto, hailiwi na chumvi, bei yake ilikuwa rahisi, kwa hivo dunia nzima iliitumia kwenye mapaa, mabomba, breki, meli, kila kitu. Kwenye yale mabati ya simiti nyuzi zenyewe kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15, iliyobaki ni simiti.

Shida ni pale inapovunjwa, inapokatwa, inapopigwa msasa. Zile nyuzi zinaruka hewani, unazivuta, zinaingia mpaka chini kabisa ya mapafu na mwili hauwezi kuziyeyusha. Shirika la utafiti wa saratani la WHO limeiweka asbesto kwenye kundi la 1, yaani vitu ambavyo imethibitishwa vinaleta kansa kwa binadamu, na ni aina zote, nyeupe, kahawia na bluu. Kwa hivo ukiambiwa "hii nyeupe haina neno" usikubali.

Ufuatiliaji wa hospitalini maana yake nini?

Ni hospitali kuamua kwamba kila mgonjwa anayegunduliwa kansa ya mapafu ataulizwa kwa mpangilio kazi zote alizowahi kufanya na mahali alipoishi, majibu yaandikwe kwa fomu moja, picha za kifua ziangaliwe tena kutafuta alama za asbesto, halafu watu wanaojua, daktari wa mapafu, daktari wa eksrei, mtu wa afya ya kazini, wakae waamue kama kansa hii ina uhusiano na asbesto au haina. Basi. Hakuna dawa mpya hapo, wala hakuna majaribio juu ya mwili wa mtu.

Korea Kusini madaktari wamefanya kazi ya namna hii hospitalini. Ufaransa wana mpango wao wa kitaifa tangu 1998, ule unafuatilia mesotelioma, kansa ya ule utando unaofunika mapafu. Uingereza wana rejista ya vifo vya mesotelioma tangu miaka ya 1960.

Kwani daktari si anaona tu kwenye eksrei kwamba hii imetoka kwa asbesto?

Haoni. Na hapa ndipo pana kazi yote, kwa hivo soma pole pole.

Mesotelioma ni rahisi kidogo, manake ni kansa adimu na sehemu kubwa yake inaletwa na asbesto, ukimwona mgonjwa wa mesotelioma moja kwa moja unauliza asbesto aliikuta wapi. Lakini kansa ya kawaida ya mapafu, ile inayotokea ndani ya pafu lenyewe, haina muhuri. Iliyoletwa na sigara na iliyoletwa na asbesto zinafanana, kwenye eksrei, kwenye siti skani, hata kwenye darubini ya maabara. Kwa hivo kama hakuna aliyeuliza, mgonjwa anaandikwa "kansa ya mapafu", kama alivuta sigara ndiyo kabisa watu wanafunga faili, na asbesto haihesabiwi hata siku moja. Uingereza wanapiga hesabu kwamba vifo vya kansa ya mapafu iliyoletwa na asbesto vinakaribia idadi ya vifo vya mesotelioma, ambavyo ni zaidi ya 2,000 kila mwaka. Hiyo ni nchi iliyopiga marufuku asbesto yote mwaka 1999, na ni nchi yenye rejista. Sasa fikiria sisi ambao kwenye faili nyingi ile sehemu ya "kazi" imeandikwa "mzee", au "hana kazi", au iko tupu.

Mbona naulizwa kazi za miaka 40 nyuma? Mimi nshastaafu zamani.

Kwa sababu ugonjwa wenyewe unachelewa. Tangu mtu aanze kuvuta vumbi la asbesto mpaka kansa ya mapafu ionekane inapita kwa kawaida miaka 15 hadi 40, na mesotelioma inaweza kupita hata 50. Kijana aliyeingia kazi ya meli bandari ya Kilindini, Mombasa, mwaka 1982 akiwa na miaka 20, leo ni mzee wa zaidi ya miaka 60, anauza samaki au amekaa nyumbani na wajukuu, na akiulizwa "unafanya kazi gani" atajibu kweli kabisa, nauza samaki. Swali lenyewe ndilo lilikuwa baya.

Kenya asbesto ilizuiwa mwaka 2006. Lakini kwa hesabu hiyo ya miaka, wagonjwa wa vumbi la kabla ya 2006 wataendelea kuja mpaka miaka ya 2040, na mapaa yenyewe bado yako juu yanazidi kuzeeka.

Lamu haina kiwanda hata kimoja. Nani huku aliyeshika asbesto?

Swali hili naulizwa zaidi ya yote, na naelewa, manake mji wenyewe ni wa mawe ya matumbawe, boriti na chokaa, huko mashamba makuti, gari za kuhesabu. Lakini watu wa Amu, yaani Lamu, hawakukaa Amu tu. Wazee wetu walikuwa mabaharia, wengine wameshuka chumba cha injini kwenye meli za zamani ambazo mabomba ya mvuke yalifungwa asbesto kutoka mwanzo mpaka mwisho, wengine walifanya kazi bandarini Mombasa kupakua magunia, wengine walikuwa mafundi kwenye gereji za malori, wengine walienda Bara Arabu wakafanya ujenzi.

Halafu kuna mafundi wa mashine za boti hapa hapa. Chukua fundi wa injini ya dizeli anayetengeneza gasketi ya kienyeji, kile kizibo cha kati ya vyuma viwili vya injini: anaweka karatasi ngumu ya gasketi juu ya chuma kimoja, anagonga kwa nyundo taratibu pembeni mpaka alama ya chuma inatoka, anatoboa matundu ya bolti kwa patasi, akimaliza anapuliza vumbi kwa mdomo ili aone kama imekaa sawa. Gasketi ya zamani iliyogandia anaikwangua kwa kisu au anaisugua kwa brashi ya waya. Bomba la moshi linafungwa kamba ya kuzuia joto, na kamba ikizeeka inakuwa unga, ukiigusa tu inamwagika. Zile karatasi na kamba za miaka hiyo nyingi zilikuwa asbesto. Za siku hizi ziko zisizokuwa nayo, lakini kwa macho huwezi kujua, inataka darubini ya maabara, kwa hivo fundi mwenye busara anailowesha maji kwanza, hapulizi wala hasugui ikiwa kavu. Breki na klachi za magari ya zamani ni vivyo hivyo, na kule bara, Mokowe na Malindi, magari hayakukosekana.

Mimi nimevuta sigara tangu ujana. Si ni sigara tu iliyoleta?

Inaweza kuwa sigara, inaweza kuwa vyote viwili, na vyote viwili pamoja ndivyo vibaya kuliko unavyodhani. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 1979, wa mafundi wa kufunga mabomba kwa asbesto. Ukilinganisha na mtu ambaye hakuvuta na hakushika asbesto, aliyeshika asbesto bila kuvuta hatari yake ya kufa kwa kansa ya mapafu ilikuwa karibu mara 5, aliyevuta bila asbesto karibu mara 11, aliyekuwa na vyote karibu mara 53. Unaona 5 na 11 hazijumlishwi hapo, zinakaribia kuzidishwa.

Kwa hivo daktari akisikia umevuta sigara hiyo isiwe sababu ya kuacha kuuliza asbesto, iwe sababu ya kuuliza zaidi. Na kama ulishika asbesto na bado unavuta, kuacha leo kunapunguza hatari mwaka baada ya mwaka. Shisha nayo ni moshi, usije ukasema umeacha sigara umehamia shisha, na isitoshe Kenya ilipigwa marufuku mwaka 2017.

Wataniuliza nini hasa?

Kazi zote, kuanzia ya kwanza kabisa, hata ya miezi 3. Mwaka gani mpaka mwaka gani, wapi, ulikuwa unafanya nini kwa mikono yako. Kulikuwa na vumbi? Ulikata, ulitoboa, ulivunja? Wenzako kuna aliyeugua kifua? Nyumba uliyokaa ilikuwa na paa gani, na baba au mume alirudi na nguo za kazi nyumbani?

Mara nyingi inakuwa hivi. Mzee kaletwa na mwanawe, mwuguzi anauliza, kijana anajibu kwa niaba, "baba alikuwa mvuvi". Mwuguzi anaandika mvuvi. Akiwa na subira akamgeukia mzee mwenyewe, "Babu, kabla ya uvuvi je?", mzee anafikiri, anasema aah, kabla nilikuwa kwenye meli, chini kwenye mashine, miaka 6. Kijana mwenyewe anashangaa, hajawahi kusikia. Kwa hivo nyinyi watoto, mwacheni mzee ajibu, na kama hawezi kusema sana, ulizeni shangazi, ulizeni rafiki zake wa baraza.

Njoo na chochote chenye tarehe: kitabu cha ubaharia, kitambulisho cha zamani cha kazi, risiti ya mshahara, picha ya wafanyakazi. Taarifa ya michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, ni nzuri sana, inaonyesha waajiri waliokuwa wanakukatia.

Wakishajua kazi, wanaamuaje kwamba ni asbesto?

Kuna vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mjini Helsinki mwaka 1997 na kurudiwa 2014. Kwa ufupi, iwe imepita si chini ya miaka 10 tangu uanze kuishika, na uwe umeishika kiasi cha kutosha, kwa makadirio mwaka 1 wa kazi nzito kama kufunga mabomba au kubomoa majengo ya asbesto, au miaka 5 hadi 10 ya kazi ya wastani kama ujenzi na kuunda meli. Kukiwa na asbestosi, yaani mapafu yamefanya makovu kwa ajili ya vumbi hilo, ushahidi ni mkubwa zaidi. Kuna na mabaka kwenye utando wa mapafu, yale siyo kansa wala hayageuki kansa, ila ni ushahidi kwamba asbesto ilipita hapo. Siti skani inayaona vizuri kuliko eksrei.

Nakohoa wiki ya 3 sasa na niliwahi kubomoa paa la asbesto. Nina kansa?

Hatusemi hivo. Kikohozi cha wiki 2 na zaidi kwetu huku jambo la kwanza ni kupimwa TB, nenda ukatoe makohozi, ni bure kwenye vituo vya serikali. Lakini kuna mtego hapa: kikohozi, damu kwenye makohozi, kukonda, jasho, maumivu ya kifua, yote ni ya TB na yote ni ya kansa. Watu wamepewa dawa za TB bila vipimo kuonyesha TB, wamemaliza miezi 6, hawajapona, ndipo anapatikana mtu wa kusema hebu tupige siti skani. Kwa hivo ukipimwa ukaambiwa huna TB na bado unakohoa, au umekunywa dawa sawa sawa na huoni nafuu, usirudi nyumbani kukaa. Rudi hospitali, sema wazi "niliwahi kufanya kazi ya asbesto", omba rufaa. Sauti kukauka wiki kadhaa bila mafua, au ncha za vidole kuvimba zikawa duara, nayo uyaseme.

Ufuatiliaji huu ni sawa na kwenda kupimwa kansa mapema?

Hapana, watu wanachanganya. Ufuatiliaji unaanza na mtu ambaye tayari kaugua, lengo ni kujua chanzo na kuhesabu. Kupima watu wasiougua ni jambo jingine. Eksrei ya kifua ya kila mwaka haijaonyesha kwamba inapunguza vifo vya kansa ya mapafu. Siti skani ya mionzi midogo ndiyo iliyoonyesha, Marekani mwaka 2011, vifo vilipungua kwa asilimia 20 kwa wavutaji wakubwa wa sigara. Gharama na safari yake kwa mtu wa Kizingitini, kisiwa cha Pate, unaijua mwenyewe, boti mpaka Lamu, boti tena mpaka Mokowe, halafu barabara.

Mke wangu hakufanya kazi popote ila alikuwa ananifulia ovaroli. Ana hatari?

Anaweza kuwa nayo, ndogo kuliko yako lakini ipo. London mwaka 1965 walichunguza wagonjwa 76 wa mesotelioma wakakuta 9 hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto, waliishi tu nyumba moja na mtu anayeifanya, na mambo yalikuwa ni hayo hayo ya kukung'uta na kufua nguo. Kwa hivo mama akiugua kifua asiandikwe "mama wa nyumbani" halafu basi. Aulizwe mume alikuwa anafanya nini.

Maji ya mvua tunayakinga kutoka paa la asbesto. Tuyamwage?

Msiyamwage. WHO imeangalia na haikupata ushahidi wa kueleweka kwamba asbesto kwenye maji ya kunywa inadhuru, hatari yenyewe ni ya kuvuta puani. Linalonitia wasiwasi ni yule kijana anayepanda kabla ya mvua za masika kusugua ukungu na majani makavu kwa brashi ngumu ili maji yaingie safi kwenye tangi. Huyo ndiye anayepata vumbi, na wanaokaa chini yake.

Basi tulitoe hilo paa?

Kama ni zima, halijapasuka, liache, usitoboe, usisugue, usipande juu, unaweza kulipaka rangi bila kulikwangua. Kama limeoza, kulitoa ni kazi ya watu waliopewa leseni na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, linaloweshwa, linatolewa bila kuvunjwa, linafungwa kwenye nailoni nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Siyo kufukia shimo la barabara, siyo kujengea banda la kuku, wala kuponda kuweka kwenye simiti, na haya yote yanafanyika jamani, tunayaona.

Ikithibitishwa ni ya kazini, kuna fidia?

Sheria ya fidia za kazini ya 2007 inatambua na magonjwa ya kazini, siyo ajali tu. Kazi ngumu ni kuthibitisha, hasa kama mwajiri kashafunga au meli ilikuwa ya nje, na hapo ndipo fomu iliyojazwa vizuri hospitalini inakuwa na thamani, kwa sababu iliandikwa na daktari wakati wa ugonjwa. Usichelewe, nenda ofisi ya afya na usalama kazini mapema. Korea Kusini tangu 2011 na Japani tangu 2006 wana sheria za kuwasaidia hata waliougua kwa kuishi karibu na asbesto bila kuajiriwa. Sisi hatujafika hapo.

Na siri yangu? Mji wenyewe mdogo.

Haki yako. Taarifa za afya zinalindwa na sheria ya data ya 2019, kwenye ripoti unakuwa namba siyo jina, na ukikataa kujibu matibabu yako hayabadiliki. Mwajiri wako wa zamani hapigiwi simu na mwuguzi.

Hospitali za huku hazina mashine kubwa. Zinaweza kweli kufanya ufuatiliaji?

Sehemu kubwa, ndiyo. Bayopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha nyama ya pafu kikapimwe maabara, na siti skani zikitaka rufaa mtu ataenda Mombasa, Coast General, hilo tunalijua. Lakini historia ya kazi inataka karatasi 1, kalamu, dakika kama 20 na mtu anayejua Kiswahili cha mafundi, na huku ndiko rahisi zaidi kuipata manake familia yote iko hapa. Mgonjwa akishafika Mombasa amechoka, kaja na mpwa mmoja asiyejua kitu. Kwa maoni yangu fomu ijazwe Lamu, ifungwe pamoja na barua ya rufaa, nakala ibaki. Anayesubiri mashine ije ndipo aanze kuuliza atasubiri sana.

Tukipata wagonjwa kadhaa, tutajua Lamu ina kansa ya asbesto kiasi gani?

Hapana, na tusidanganyane. Hospitali inahesabu waliofika. Waliofia nyumbani, waliokwenda kwa waganga, waliohamia kwa watoto wao Mombasa, hawamo. Kwa hivo huwezi kuchukua namba ya wodini ukaigawa kwa watu wa kaunti. Unachopata ni jambo jingine lenye faida: kazi gani, gereji gani, meli za aina gani, paa gani zinajirudia kwenye fomu. Wazee 3 wa bandari moja wakitokea ndani ya mwaka, unajua wenzao wa kutafuta ni akina nani.

Baba keshafariki kwa kansa ya mapafu, hakuna aliyemuuliza. Imepita?

Haijapita yote. Kama siti skani au eksrei zake mnazo msizitupe, hata kama bahasha imeliwa na mende, picha inaweza kusomwa upya kutafuta yale mabaka. Kama alifanyiwa bayopsi, ulizeni maabara kama kile kipande bado kimehifadhiwa. Kaeni na mama na wale aliofanya nao kazi, andikeni kazi zake kwa miaka, na mpeleke nakala kitengo cha rekodi cha hospitali alikotibiwa iwekwe kwenye faili lake. Na kama mlikaa nyumba moja naye akirudi na zile nguo za kazi, wewe na ndugu zako siku mkienda hospitali kwa kifua mtaje na hilo, bila kungoja kuulizwa.